Nilihesabu fedha, nikasahau saa

Mwaka 2020 nilitembea na barua ya kustaafu mkobani kwa wiki sita. Nilikuwa nimetimiza miaka 55, umri ambao mtumishi wa umma Tanzania anaruhusiwa kuondoka kwa hiari yake. Ukifika 60 unaondoka upende usipende. Barua niliiandika kwa mkono, nikaikunja mara tatu. Kila nilipolikaribia dirisha la masjala nilikumbuka jambo la kufanya wodini, nikageuza.

Mimi ni muuguzi, au nilikuwa; hadi leo kitenzi hiki kinanisumbua. Nimefanya kazi miaka 35, mingi yake wodi ya wazazi, huku tambarare ya mkoa wa Tanga kwenye michungwa na joto. Nilistaafu Juni 2025. Wenzangu wa rika letu hunipigia simu kuuliza maswali yaleyale, na wote huuliza fedha. Siwalaumu. Hata mimi niliuliza fedha tu.

Basi tuanze nazo.

Barua ile ya 2020 ilikuwa na sababu tatu. Ulikuwa mwaka wa korona, na mtu wa miaka 55 mwenye presha anayezalisha usiku kucha ana haki ya kuogopa. Magoti nayo yalikuwa yameanza kulalamika. Ya tatu, ambayo chumba cha chai kizima kiliijua lakini hakuna aliyeitaja mbele ya matroni, ilikuwa kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu.

Kwa wasiokumbuka: mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na kanuni zilizofuata zikasema mstaafu atachukua kwa mkupuo asilimia 25 tu ya mafao yake, iliyobaki alipwe kila mwezi. Sisi tuliotoka PSPF tulizoea nusu kwa nusu. Kelele zikawa kubwa hadi Desemba 2018, Rais Magufuli alipoagiza utaratibu wa zamani uendelee mpaka 2023. Kwa hiyo aliyefikisha 55 mwaka 2020 aliona mlango uko wazi na alijua una siku zake. Wenzangu wawili wa zamu yangu walipita.

Mimi nilikaa chini na kalamu. Kanuni ya zamani haikuwa ngumu: mshahara wako wa mwaka, zidisha kwa miezi uliyofanya kazi, gawa kwa 540. Jibu ndilo pensheni yako kamili ya mwaka. Nusu yake unalipwa mwezi kwa mwezi, nusu nyingine inazidishwa kwa 15.5 na kuwa mkupuo. Nikitumia namba za duara, mshahara wa 850,000 na miezi 360 ulinipa mkupuo wa milioni 52.7 na pensheni ya 283,000 hivi kwa mwezi. Milioni 52! Nililala nayo kichwani usiku mzima. Asubuhi nikaigeuza ile 283,000 huku na huku, nikatoa unga, nikatoa umeme, nikatoa ada ya kitinda mimba wangu aliyekuwa kidato cha tatu. Haikufika tarehe 20.

Nikabaki kazini. Sitaki kukudanganya kwamba niliona mbali. Nilikuwa bado nasitasita, mvua ya vuli ikanikuta njiani, mkoba ukalowa, wino ukasambaa karatasi nzima. Nikasema nitaandika nyingine. Sikuandika.

Julai 2022 kanuni ikabadilika kweli. Ile 540 ikawa 580, ile 15.5 ikawa 12.5, na mkupuo ukawa asilimia 33. Juni 2024 bajeti ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa sisi tuliotoka kwenye mifuko ya nusu kwa nusu. Mimi nikaondoka 2025 na miezi 420 kazini, wastani wa mshahara wa miaka mitatu bora ukikaribia milioni moja. Kwa namba hizo mkupuo unakuja milioni 43.4 na pensheni 434,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo kwa kubaki nilipungukiwa milioni tisa na ushee za mkupuo, nikaongeza laki moja na nusu ya kila mwezi. Laki na nusu hiyo inalipa pengo lile kwa miaka mitano hivi, bila kuhesabu mishahara mitano ya mwaka mzima niliyokula katikati. Kwenye karatasi nilishinda. Lakini wale wenzangu wawili walioondoka 2020, mmoja alinunua shamba la michungwa lenye miti inayozaa tayari, na kila msimu madalali wanamfuata nyumbani. Ananicheka waziwazi. Mwingine alifungua duka la vitenge katika mtaa wenye maduka ya vitenge manne, na mwaka mmoja na nusu baadaye akawa anashona sare za shule kwa cherehani ya kuazima. Umri wao ulikuwa mmoja, mkupuo wao karibu mmoja. Yule wa michungwa alikuwa analima tangu tukiwa vijana. Kila siku yake ya mapumziko alikuwa shambani na kopo la dawa mgongoni. Alistaafu akaenda mahali alipokuwa tayari.

Hilo sikuliona wakati ule.

Karatasi nitazipitia haraka, ila usizipuuze. Taarifa ya kustaafu inaandikwa miezi sita kabla. Nilipoipeleka, jalada langu likafunguliwa, na ndipo tukagundua halina barua ya kuthibitishwa kazini. Barua ya ajira ya 1990 ipo, za kupandishwa cheo zipo, ya kuthibitishwa hakuna. Halafu cheti changu cha kidato cha nne kina jina la baba na babu, kitambulisho cha taifa kina jina la mume. Kwa mfuko wa pensheni hao ni watu wawili. Nilikwenda kwa wakili nikala kiapo kwamba sisi ni mtu mmoja, 30,000, na wakili akacheka kwamba wanawake wa umri wangu wanamlipia kodi ya ofisi. Barua ya kuthibitishwa niliikuta kwenye sanduku la bati chini ya kanga za uchumba, karatasi imekuwa ya njano kama chai ya maziwa. Kama ningekuwa mtu wa kutupa makaratasi sijui ningefanyaje. Ukifika miaka 57, nenda masjala, omba uoneshwe jalada lako, linganisha karatasi kwa karatasi. Usingoje 59 na nusu. Na kwenye barua zako za mwisho usisahau kudai nauli na gharama za kusafirisha mizigo hadi nyumbani. Ni haki ya mtumishi anayestaafu, lakini haikufuati mlangoni. Yangu ilinichukua miezi mitano ya kuulizia.

Bima ya afya ilinishtua. Kadi ya mstaafu inanibeba mimi na mwenzangu tu. Kitinda mimba wangu, aliyekuwa ananitegemea, akatoka. Nililijua hilo siku alipougua taifodi na kadi ikakataa.

Waliniaga vizuri. Keki, kitenge, jiko la gesi, na hotuba iliyonitaja kama mtu aliyekwisha fariki. Tarehe 30 Juni nikakabidhi funguo za kabati la dawa na kitabu cha ripoti. Tarehe 1 Julai nikaamka saa kumi na moja alfajiri.

Nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipoanguka.

Muuguzi haishi kwa siku, anaishi kwa zamu. Asubuhi, mchana, usiku, siku ya kulala, mapumziko. Ratiba inabandikwa ukutani na maisha yote yanapangwa kuizunguka: harusi utakwenda au hutakwenda, nguo utafua lini, mume utamwona saa ngapi. Nimeilaani ratiba ile miaka 35. Na sasa ni saa kumi na mbili asubuhi, nimeoga, nimekunywa chai, uwanja umefagiwa, na mbele yangu kuna saa kumi na tano hazina jina.

Wiki ya kwanza niliita mapumziko. Ya pili niliosha mapazia yote. Ya tatu nikaingia karakana ya mzee wangu.

Mume wangu ni seremala, karakana yake iko nyuma ya nyumba. Huwa ana fujo yake anayoielewa mwenyewe: patasi hapa, randa pale, misumari kwenye makopo ya maziwa. Siku hiyo alikwenda kuangalia mbao, mimi nikapanga. Nikaweka vyombo kwa ukubwa, nikabandika karatasi kwenye makopo na maandishi ya kalamu nyekundu, nikafuta benchi kwa dawa. Aliporudi alisimama mlangoni muda mrefu.

"Mama," akaniambia, "hapa si wodini."

Nilicheka. Kisha nikaingia chumbani nikalia, na sikujua nalia nini. Tumeoana miaka 33 na nadhani hatujawahi kukaa pamoja mchana wa siku tano mfululizo. Yeye ana desturi zake za mchana ambazo mimi sikuzijua: saa nne anakunywa kahawa na jirani, saa nane analala kwenye mkeka, redio ikiwa chini. Nilikuwa mgeni katika nyumba yangu, na mgeni mwenyewe msumbufu. Ikabidi tuzungumze. Yeye ndiye aliyenieleza, kwa upole wake, kwamba asubuhi mpaka saa saba anahitaji kuwa peke yake na mbao zake. Nawashauri wanandoa wanaokaribia kustaafu wazungumze mapema nani anatumia sebule saa ngapi. Linachekesha mpaka likufike.

Usingizi nao uligoma. Mwili ulizoea zamu za usiku, kwa hiyo kila baada ya siku kadhaa niliamka saa nane za usiku masikio wazi nikingoja mama apige kelele za uchungu. Kimya. Vyura tu.

Lakini majirani hawakuniacha nikae bure, na hapo ndipo nilipofanya kosa ninaloliona aibu kuliko yote. Mtaani kwetu wananiita Sista. Kustaafu kwangu kuliwafikia kama habari njema: sasa Sista yupo nyumbani muda wote. Wakaanza kuja. Mtoto ana homa, Sista mwangalie. Baba presha imepanda, Sista mpime. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Kuna mtu ananihitaji, kuna mtu anabisha hodi. Nikanunua mashine mpya ya presha, nikaweka kiti barazani. Mwezi wa Agosti jirani mmoja akaja na sindano alizoandikiwa hospitali, za siku tano; hospitali ni mbali, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni 4,000, akaniomba nimchome mimi. Siku ya kwanza salama. Siku ya pili, dakika chache baada ya kuchomoa sindano, uso ukaanza kuvimba, akaniambia kifua kinabana.

Ni mzio. Nimeuona mara nyingi. Wodini ningenyoosha mkono nikachukua adrenalini kwenye trei. Barazani kwangu kulikuwa na mashine ya presha na kikombe cha chai. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati yangu na dereva, nimemshika asianguke, njia nzima namwita jina lake asizime. Alifika, wakamhudumia, akapona. Yule tabibu kijana aliyetupokea ananifahamu. Alinivuta pembeni akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, leseni yako bado hai?"

Haikuwa hai. Niliacha iishe, nikijiambia nimestaafu. Na hata ingekuwa hai, baraza la nyumba yangu si kituo cha afya. Nilitaka kuendelea kuwa Sista nikatumia mwili wa jirani yangu kujithibitishia. Wauguzi, matabibu, wafamasia mliostaafu, najua mnafanya. Acheni. Leo ninapima presha, naandika namba kwenye karatasi, na neno langu ni moja: nenda. Wengine wamenuna. Mama mmoja alisema Sista siku hizi ana maringo ya pensheni.

Pensheni yenyewe ilikuwa bado haijaonekana. Kwa ajili ya ile barua ya kuthibitishwa na kile kiapo, faili langu lilichelewa, na mshahara ulikatika Juni. Julai, Agosti, Septemba niliishi kwa akiba ya SACCOS niliyokuwa nimeweka kwa shingo upande. Kama una mkopo wa benki, hakikisha unaisha kabla hujastaafu. Wangu niliumaliza nikiwa na miaka 58, na ndiyo hesabu pekee ninayojivunia bila kipingamizi. Weka gharama za nyumbani za miezi sita mahali usipopafikia kirahisi. Nilikuwa na za miezi mitatu na nusu.

Katika njaa hiyo ya Septemba simu ikaita. Sauti ya mwanaume mtaratibu: anapiga kutoka Dodoma, jalada langu liko mezani kwake, limekwama kwenye mfumo, kuna malipo ya kulikwamua ya 350,000 na yatarudishwa pamoja na mafao. Akanitajia jina langu kamili, kituo nilichostaafia na cheki namba yangu, ile namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara. Cheki namba! Nilidhani namba hiyo tunaijua mimi, mwajiri na Mungu. Nikaazima fedha kwa shemeji, nikaenda kwa wakala wa simu.

Wakala ni binti mdogo, nadhani nilimzalisha mama yake. Akaiangalia namba ninayotumia, akaniangalia. "Mama, huyu ni nani wako?" Nikamweleza kwa sauti ya chini, maana jamaa alinionya nisimwambie mtu. Binti akaziweka fedha mezani upande wangu. "Kaa kwanza, unywe maji. Halafu mpigie, mwambie utampelekea mkononi ofisini." Nikampigia. Akakata. Hajapiga tena. Malipo ya kuharakisha mafao hayapo. Yakija, ni tapeli, hata akikutajia jina la babu yako.

Fedha ziliingia wiki ya kwanza ya Oktoba, nikiwa sokoni nachagua nyanya. Nilisoma ujumbe wa benki mara tatu, nikahesabu sifuri kwa kidole. Kisha nikatenda kosa la kitoto: Jumapili ile nikatoa sadaka ya shukrani mbele ya usharika mzima, na mchungaji akasoma sababu.

Kufikia Jumatano nilikuwa nimeombwa mchango wa harusi tatu, kipaimara kimoja, na mtaji wa saluni. Sadaka ni njema, ila Mungu anasikia hata ukinong'ona.

Walionibana zaidi walikuwa wa damu. Mtoto wa dada yangu, kijana mpole, akaja na wazo la bodaboda. Pikipiki mpya, pamoja na usajili na bima, ilinigharimu milioni 3.2. Tulikubaliana aniletee hesabu ya 10,000 kwa siku, siku sita za wiki, baada ya miezi kumi na minne iwe yake. Hatukuandikiana, nitamwandikishaje mtoto niliyembeba mgongoni? Wiki saba alileta. Wiki ya nane akaleta nusu na hadithi. Wiki ya kumi na moja pikipiki ikagonga gari la mchanga, yeye akavunjika mguu, na bima kubwa hatukuwa nayo, tulikata ndogo. Nikalipa na matibabu. Kwa ujumla nilipoteza zaidi ya milioni tatu, na hadi leo dada yangu ananisalimia kwa ufupi kana kwamba mimi ndiye niliyemgonga mwanawe. Kama unataka kumsaidia ndugu, mpe unachoweza kukisahau, mwambie ni zawadi, yaishe. Kama ni biashara, kuwe na karatasi na shahidi. Mchanganyiko wa hivyo viwili ndio uliokula fedha yangu na undugu wetu.

Milioni sita zilimalizia nyumba ya Lushoto, iliyokuwa boma tangu 2013. Nyingine, baada ya kuumia na pikipiki, niliziondoa mahali ninapoweza kuzigusa. Milioni 20 nikanunua hati fungani za serikali kupitia benki, yaani nimeikopesha serikali nayo inanilipa riba. Benki Kuu huzinadi, unaweza kuanza na milioni moja, na riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Milioni saba ziko Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako nikizihitaji nazipata baada ya siku chache za kazi. Siku chache hizo ni dawa. Ndugu akija na dharura yake jioni, nikimwambia fedha itatoka wiki ijayo, dharura nyingi hupona zenyewe. Kama ningepewa kurudi nyuma, nisingenunua hata sufuria kwa mkupuo ule miezi sita ya kwanza. Ningeishi kwa pensheni nijifunze ukubwa wake.

Januari tukaenda kuijaribu Lushoto. Ndoto yetu ya miaka yote ilikuwa hiyo: tukistaafu turudi milimani, tulime kabichi na viazi, tuzikwe kwa wazazi. Nyumba ilikuwa imepauliwa, mizigo ikapanda lori kutoka Mombo, zile kona za Soni zikanipa kizunguzungu kama zamani. Wiki mbili za kwanza zilikuwa asali. Kisha baridi ikayapata magoti. Kliniki ya presha ikawa safari. Niliokua nao, wengi wamekufa au wamehamia Dar es Salaam. Waliopo wananijua kama yule aliyekuja na mamilioni. Mume wangu hakuwa na kahawa ya saa nne wala jirani wa kunywa naye. Jioni moja nilimkuta kakaa kwenye ngazi anaichonga fimbo isiyo na kazi yoyote, ameshaimaliza, anaichonga tena. Nikamwona mimi mwenyewe wa mwezi wa Julai.

Tukarudi tambarare mwisho wa Machi. Nyumba ya Lushoto tumempangisha mwalimu. Watu wengi hujenga nyumbani kwa miaka 15 bila kujaribu kuishi huko hata likizo moja nzima, nje ya Krismasi ambapo kila mtu yupo na kila kitu ni kitamu. Nendeni mwezi wa Julai, kwenye ukungu, kwenye siku za kawaida. Ndipo mtajua.

Siku tuliporudi nilichukua karatasi ya manila, rula na kalamu za rangi nikachora ratiba. Ndiyo, ratiba ya zamu, ya mtu mmoja. Jumatatu na Alhamisi asubuhi: bustani ya mchicha na miche ya michungwa ninayokuzia kwenye vifuko, kazi niliyoiomba nifundishwe na yule mwenzangu wa 2020, naye akanifundisha baada ya kunicheka vya kutosha. Jumanne: VICOBA, ambako mimi ni mweka hazina. Jumatano: kwaya. Ijumaa mchana: wasichana wajawazito wa mtaa wanakuja barazani, hatugusi sindano, tunazungumza tu, dalili za hatari, chakula, akiba ya nauli ya usiku. Jumamosi nimeandika mapumziko kwa wino mwekundu, na mzee wangu amekatazwa kunituma. Imebandikwa jikoni. Yeye anasema inamkumbusha hospitali. Lakini nimemwona akiisoma asubuhi kabla ya kuniuliza kama nitakuwepo saa saba.

Usingizi umerudi, si wote. Fedha haitoshi kila mwezi, ila sasa najua tarehe inayokwisha na nini cha kupunguza kabla haijafika. Kuna siku bado ni ndefu, hasa za mvua.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki ya presha kituo changu cha zamani. Mguu wenyewe ulinipeleka mlango wa nyuma wa watumishi. Mlinzi mpya akanisimamisha: "Mama, wagonjwa ni kule mbele." Nikazunguka, nikachukua namba, 47, nikakaa kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja unacheza. Nilikuwa nimewahi kuandika barua litengenezwe. Nikaketi kwa uangalifu upande ule mzima. Baada ya saa nzima nikanyoosha magoti kwenye korido, nikapita wodi ya wazazi, na ukutani palepale ratiba ya mwezi imebandikwa kwa plasta. Nikaisoma kuanzia juu mpaka chini, kidole kikitembea kwenye majina, na nilikuwa nimefika mstari wa mwisho ndipo nikang'amua kwamba ninalitafuta langu. Zamu ya usiku imepewa binti niliyemfundisha kushona msamba. Wakaita 46, nikarudi kwenye benchi.